Umande wa Kikopey: jinsi kuvumwani na mimea hupata maji mvua isiponyesha

Kiangazi kikishika Gilgil, maji huanza kuhesabiwa kwa mtungi. Mikokoteni ya punda hupishana barabarani, matangi ya plastiki hulia matupu yakigongwa, na nyasi za Kikopey hugeuka rangi zikafanana na mchanga. Hata hivyo, anayetoka nje kabla jua halijachomoza, kabla majiko ya nyama choma hayajawashwa kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, hulowa viatu. Vioo vya magari yaliyolala nje vina maji. Bati la kibanda linadondosha tone moja moja. Ikifika saa tatu, hakuna kilichobaki.

Maji hayo ni machache, lakini yana wenyewe. Juu ya mawe meusi ya volkano, kwenye maganda ya migunga na kwenye matawi ya mierezi ya mlima Eburru, kuna viumbe ambao sehemu kubwa ya maisha yao hutegemea saa hizo chache za asubuhi. Namna wanavyoyapata na kuyatumia ni somo linalomhusu mkazi wa Kaunti Ndogo ya Gilgil, kwa sababu yeye pia anaishi mahali ambapo maji ya juu ni haba na ya chini yana kasoro zake.

Kwanza, mahali penyewe. Kikopey iko juu ya Ziwa Elmenteita, katika sehemu ya Bonde la Ufa iliyobanwa kati ya Mau upande wa magharibi na safu za Nyandarua upande wa mashariki. Upepo wenye mvua ukifika, milima hiyo hutangulia kuchukua sehemu yake, na sakafu ya bonde hupata masalio. Ziwa lililo mbele ya macho halina mto wa kutokea. Maji yake ni ya magadi na hayanyweki. Visima navyo vina tatizo linalojulikana kote katika bonde hili: maji yaliyokaa kwa muda mrefu ndani ya miamba ya volkano huyeyusha floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Bonde la Ufa hupita hapo, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia yanayoonekana kwa watu waliokulia huku. Kiwango kikiwa juu sana kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika.

Maji ya umande na ya ukungu hayajapita kwenye mwamba wowote. Yametoka hewani moja kwa moja.

Umande hauanguki

Kwa Kiswahili tunasema umande umeanguka, lakini kwa kweli haukuanguka kutoka popote. Uliumbika palepale unapoonekana. Hewa daima hubeba maji kama mvuke usioonekana, na hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Usiku usio na mawingu, kila kitu kilicho wazi mbele ya anga hupoteza joto lake kuelekea juu: jani, jiwe, bati, paa la gari. Kitu hicho hupoa kuliko hata hewa inayokizunguka. Hewa ikikigusa hupoa pia, hushindwa kubeba mvuke wake wote, na mvuke wa ziada hugeuka matone juu ya kitu hicho. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hulowa nje kwa sababu hiyo hiyo.

Ndiyo maana gari lililoegeshwa chini ya mti huamka kavu wakati jirani yake lililokuwa wazi limelowa. Matawi hulizuia lile la kwanza lisipoteze joto lake angani. Mawingu hufanya kazi kama matawi hayo, kwa hiyo usiku wa mawingu mazito hauna umande mwingi. Na hapa kuna jambo la kufurahisha kuhusu kiangazi: usiku wa Januari na Februari, anga ikiwa safi na nyota zote zikionekana, ndio unaofaa umande, iwapo hewa ina unyevu wa kutosha. Mwinuko nao husaidia. Ziwa Elmenteita lenyewe liko takriban mita 1,780 juu ya usawa wa bahari, na Kikopey iko juu zaidi ya hapo. Usiku wa mahali kama hapa hupoa haraka.

Ukungu ni kitu kingine. Huo ni wingu lililogusa ardhi: maji ambayo tayari yamekuwa matone, ila ni madogo mno, madogo kuliko unene wa unywele, kiasi kwamba hayaanguki bali huelea na kusukumwa na upepo. Madereva huujua vizuri katika miezi ya baridi ya Julai na Agosti. Umande huhitaji kitu kinachopoa. Ukungu huhitaji kitu cha kuuzuia njiani, na si kila kitu kinaweza. Upepo unapokutana na ukuta au jani pana, hupinda na kupita kando, nao hubeba matone hayo madogo. Unapokutana na uzi mwembamba, hewa hupinda kidogo tu, na tone hushindwa kukata kona. Linagonga uzi na kunasa. Matone yanaungana, yanakuwa mazito, yanateremka. Kitu chembamba hushinda kipana katika kuvua ukungu, na kanuni hiyo moja inaeleza mengi ya yanayofuata.

Viumbe wawili katika mwili mmoja

Mabaka ya kijivu, ya kijani iliyopauka au ya rangi ya chungwa yanayoonekana juu ya mawe kuzunguka Elmenteita na kwenye maganda ya miti ya mashambani si uchafu wala si ugonjwa. Huitwa kuvumwani, na baadhi ya wataalamu husema likeni. Jina la Kiswahili limebeba maelezo yote: ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Kuvu hujenga nyumba, hushika jiwe au gome na huhifadhi unyevu. Mwani, au wakati mwingine bakteria wa kijani-buluu, hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha mwenzake. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, Simon Schwendener, alipotangaza mwaka 1867 kwamba hiki ni viumbe wawili na si mmoja, wenzake wengi walimkejeli. Leo hakuna anayebisha.

Kuvumwani haina mizizi inayofyonza maji. Vinyuzi vilivyo chini yake, inapokuwa navyo, kazi yake kubwa ni kushikilia. Haina ngozi ya nta kama jani la sukuma wiki, wala vitundu vya kufunga na kufungua. Mwili wote ni kama sponji: maji yakija huingia kila upande, na jua likiwaka hutoka kila upande. Mmea wa kawaida hupigana usikauke. Kuvumwani haipigani. Hukauka kabisa, hadi ikasagika mkononi kama karatasi, na kazi zote za mwili husimama. Ingekuwa mahindi yangekuwa yamekufa. Kuvumwani husubiri tu.

Kisha umande unakuja. Ndani ya dakika chache sponji imejaa, rangi ya kijivu inageuka kijani kwa sababu ngozi ya kuvu iliyolowa huruhusu mwani wa ndani kuonekana, na jua la kwanza linapochomoza kiwanda cha sukari kinaanza kazi. Kinafanya kazi kwa saa chache. Jua likipanda, mwili unakauka tena na shughuli inafungwa hadi kesho. Mwaka 1970 mtafiti Mjerumani Otto Lange na wenzake walichapisha vipimo vya kuvumwani ya aina ya Ramalina katika jangwa la Negev, na walionyesha kwamba umande wa usiku mmoja unatosha kuipa kazi ya asubuhi na kuiacha na faida, yaani sukari iliyotengenezwa inazidi iliyotumika usiku. Mapato ni kidogo, ndiyo maana nyingi za zile zinazoshika mawe kama ukoko hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Baka lenye upana wa sahani juu ya jiwe la Kikopey huenda lina umri kuliko mzee yeyote wa kijiji.

Kuna tofauti moja zaidi inayostahili kutajwa. Kuvumwani yenye mwani wa kijani inaweza kuamshwa na hewa yenye unyevu mwingi peke yake, bila tone hata moja. Ile yenye bakteria wa kijani-buluu huhitaji maji yanayotiririka au tone halisi. Kwa hiyo jiwe moja linaweza kuwa na majirani wawili ambao mmoja anakula kiamsha kinywa na mwingine bado amelala.

Asiyeamini anaweza kujaribu leo. Atafute baka la kijivu lililokauka juu ya jiwe au nguzo ya ua, alidondoshee maji kidogo, na alitazame kwa dakika moja au mbili.

Watu wa pwani walijua kuvumwani kama mali zamani. Katika karne ya 19, aina iitwayo Roccella, iliyofahamika kwa Kiswahili kama marere, ilikuwa ikikusanywa kwenye miti ya ukanda wa bahari na kusafirishwa kupitia Zanzibar hadi Ulaya, ambako ilitengenezwa rangi ya zambarau ya vitambaa. Nayo ilikuwa ikiishi kwa unyevu wa upepo wa bahari.

Ndevu za Eburru

Kutoka Kikopey, ukitazama kusini-magharibi ng'ambo ya ziwa, mlima unaofunga macho ni Eburru. Kilele chake kinapita mita 2,800. Huko juu ukungu ni wa kawaida, na miti ya mierezi na mingine ya msitu imening'iniwa na nyuzi ndefu za kijani-kijivu ambazo watu wengi huzifananisha na ndevu za mzee. Hiyo ni kuvumwani ya jamii ya Usnea. Umbo lake si pambo. Nyuzi nyembamba zinazoelea kwenye upepo ndizo mitego bora ya ukungu, kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu. Ndevu zikishiba, maji ya ziada hudondoka chini ya mti, na udongo wa msitu hulowa asubuhi ambayo kipimo cha mvua uwanjani kinasoma sufuri.

Matawi na majani membamba hufanya kazi hiyo hiyo. Kipimo kinachojulikana zaidi kilifanywa mbali na hapa, katika misitu ya miti mirefu ya redwood huko California, ambako mtafiti Todd Dawson aliripoti mwaka 1998 kwamba takriban theluthi moja ya maji yaliyoingia msituni kwa mwaka yalitoka kwenye ukungu uliovuliwa na miti. Palipokosa miti, mchango wa ukungu ulikuwa mdogo zaidi. Nchini Kenya mfano ulio wazi ni mlima Marsabit: msitu wa kijani uliozungukwa na nyika kavu pande zote, na ukungu wa usiku una mchango mkubwa katika kuuweka hai.

Eburru ilizungushiwa ua wa umeme, kazi iliyoongozwa na shirika la Rhino Ark na kukamilika mwaka 2014. Mara nyingi ua huo hutajwa kwa sababu ya wanyama, hasa bongo wa milimani ambao wamebaki wachache mno. Ni haki yao kutajwa. Lakini kwa mkazi wa chini, mti uliobaki umesimama kule juu ni mtego wa maji uliobaki umetegwa.

Leleshwa, mahindi na jasho la mimea

Chini ya msitu, kwenye nyanda kavu kuanzia Gilgil hadi Naivasha, anayetawala ni leleshwa. Jani lake lina siri upande wa chini: limefunikwa manyoya meupe mafupi kama kitambaa cha fulana. Vitundu ambavyo mmea hupumulia viko chini ya manyoya hayo. Hewa iliyonaswa kati ya manyoya hubaki tulivu na yenye unyevu, kwa hiyo upepo mkavu wa mchana hauwezi kuyanyonya maji ya jani kwa urahisi. Leleshwa hujulikana zaidi kwa kubana matumizi kuliko kwa kuvuna, na katika nchi kavu hilo ni nusu ya kazi.

Leleshwa pia ndiyo inayochomwa makaa kwa wingi katika sehemu hii ya Bonde la Ufa, na si siri kwamba biashara ya nyama choma inahitaji makaa. Jambo muhimu ni namna ya kukata. Leleshwa ikikatwa na kisiki kikaachwa, huchipuka tena. Iking'olewa na mizizi, ardhi hubaki wazi. Jua hulipiga jiwe na udongo tangu asubuhi, na umande uliokuwa ukikaa hadi saa tatu hukauka kabla ya saa mbili. Kuvumwani iliyokuwa kwenye kivuli hicho hupoteza saa zake za kazi, na miche midogo pia.

Je, mimea ya shambani hunywa umande? Kwa kiasi. Mimea mingi imethibitishwa kuingiza maji kidogo kupitia majani yake, lakini ngozi ya nta huzuia mengi. Faida kubwa iko kwingine. Jani likiwa na matone juu yake, jua la kwanza hutumia nguvu zake kukausha matone hayo badala ya kuvuta maji kutoka ndani ya jani. Mmea huanza siku bila kupoteza akiba yake. Jani la mhindi lina faida ya ziada: limepinda kama mfereji, na matone huteremka hadi kwenye shina na kuingia ardhini karibu na mizizi.

Si kila tone la alfajiri ni umande, hata hivyo. Mara nyingi matone yaliyopangika kwenye ncha au ukingo wa majani machanga ya mahindi, nyanya au nyasi yametoka ndani ya mmea wenyewe, yakisukumwa na mizizi usiku. Ni kama jasho. Kutofautisha ni rahisi: ikiwa jiwe, bati na jani lote vimelowa, huo ni umande. Ikiwa ni ncha za majani tu na mawe ni makavu, ni jasho la mmea, na habari yake ni njema, kwa sababu maana yake udongo wa chini bado una maji.

Umande una ubaya wake pia, na wakulima wa viazi wa Eburru na nyanda za juu za Gilgil wanaujua kwa hasara. Ugonjwa wa baridi wa viazi na nyanya, ule unaoacha mabaka meusi na kuoza kwa shamba zima kwa siku chache, huhitaji majani yaliyolowa kwa saa nyingi mfululizo ili uingie. Umande wa usiku kucha ukifuatwa na ukungu wa asubuhi huupa nafasi hiyo bila mvua kunyesha. Anayemwagilia jioni huongeza saa za majani kulowa. Afadhali kumwagilia asubuhi, maji yaelekezwe kwenye mizizi na si juu ya majani, na mistari iachiwe nafasi ili upepo upite. Baada ya siku mbili tatu za ukungu, shamba la viazi likaguliwe, hasa majani ya chini.

Swali jingine linahusu miti ya matunda. Wengi wakiona kuvumwani kwenye shina la mparachichi au mchungwa huikwangua wakidhani inaunyonya mti. Haiunyonyi. Imeshika gome tu, kama ilivyoshika jiwe. Mti mgonjwa hupukutisha majani, mwanga huingia zaidi, na kuvumwani huongezeka. Ndipo inapolaumiwa kwa ugonjwa ambao haikuuleta. Tena, kwa kuwa hunywa kila kitu kilicho hewani bila kuchuja, kuvumwani nyingi hufa hewa ikichafuka. Mti wenye ndevu ni ushahidi kwamba hewa ya hapo bado ni safi.

Watu wanaoiga

Kwenye mlima huo huo wa Eburru, wakazi wamefanya kwa miaka mingi jambo ambalo wageni hulisafiria kulitazama. Ardhi hutoa mvuke wa moto kupitia nyufa. Katika mlima ambao hauna mito ya kutegemea, watu hufunika nyufa hizo, huelekeza mvuke kwenye mabomba marefu yaliyo wazi kwa hewa baridi, na mwisho wa bomba maji hudondoka kwenye pipa. Ni umande wa kutengeneza: mvuke, kitu kinachopoa, tone. Mvuke huo huo wa chini ya ardhi, ukichimbiwa kisima kirefu, huzungusha mtambo mdogo wa umeme wa KenGen ulioanza kazi mlimani hapo mwaka 2012. Nyufa zenyewe zina hatari. Mvuke huunguza vibaya, na hewa inayotoka nao inaweza kuwa na gesi zisizofaa kuvutwa, kwa hiyo watoto wasiachwe kucheza karibu.

Wengine duniani wamejaribu kuvua ukungu kwa nyavu. Katika kijiji cha Chungungo nchini Chile, kuanzia mwaka 1992, nyavu za plastiki zilizosimamishwa mlimani zilikuwa zikileta kwa wastani zaidi ya lita 10,000 za maji kwa siku. Wanakijiji walikunywa, walioga na walipanda bustani. Miaka kumi baadaye nyavu nyingi zilikuwa zimeraruka na hazikurekebishwa, na kijiji kikarudi kununua maji ya lori. Wavu hauna injini wala mafuta, lakini unataka mtu wa kuushona.

Kikopey yenyewe haina ukungu mzito wa kila siku kama mlima wa Chile, kwa hiyo anayekuja kuuza nyavu kwa ahadi ya kujaza tangi anastahili kuulizwa maswali. Hesabu ya umande nayo ni ya wazi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Usiku mzuri wa umande kwa kawaida hautoi hata nusu milimita, na mara nyingi ni sehemu ya kumi ya milimita. Paa la mita 40 za mraba likipata sehemu hiyo ya kumi na kukusanya yote bila kupoteza, litatoa lita nne: maji ya kuku, au ya miche kumi ya parachichi kitaluni, hayatoshi nyumba. Mvua ya milimita 10 juu ya paa hilo hilo ni lita 400. Mfereji wa paa na tangi la mvua bado ndiyo njia ya kwanza kwa familia, na umande ni nyongeza ya miezi ambayo mfereji huo ungekaa bure.

Kwa walio na kisima chenye floridi nyingi, maji ya mvua ndiyo bora kwa kunywa na kupikia, hasa kwa watoto ambao meno yao bado yanaundwa. Kuchemsha hakuondoi floridi. Huiongeza, kwa kuwa maji hupungua na floridi hubaki. Kinachoiondoa ni kichujio maalumu, na hapa Nakuru njia iliyoendelezwa na Jimbo Katoliki la Nakuru hutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa mji unaosifika kwa nyama, mifupa haijawahi kukosekana.

Anayetaka kujua boma lake hupata umande kiasi gani anahitaji kipande cha bati chenye upana wa mita moja kwa mita moja, chupa na mfereji mfupi. Bati liinamishwe kidogo kama paa na liwekwe mahali pasipo mti juu yake wala ukuta karibu. Liwe limepakwa rangi: bati jipya linalong'aa hushikilia joto lake na hutoa umande mdogo kuliko lililopakwa. Lifutwe vumbi na kinyesi cha ndege jioni. Asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili unusu, matone yote yasukumwe kwa kitambaa safi kilichokwisha kuloweshwa na kukamuliwa, kisha kitambaa kikamuliwe ndani ya kikombe chenye vipimo. Yasinywewe bila kuchemshwa. Kijiko kimoja cha chai ni mililita tano. Vijiko 20 ni sehemu ya kumi ya milimita. Ifanywe kwa usiku 10 mfululizo, na kila tarehe iandikwe pamoja na hali ya anga, kama kulikuwa na mawingu au nyota.